Kipima spidi kinasema 19, faili linashuka kwa 400 KB: nilivyoipata hitilafu yangu hapa Moshi

#1, mwenye uzi (Soweto, Moshi)

Wakuu, salaam. Nimesumbuka na intaneti ya nyumbani tangu katikati ya Desemba hadi wiki ya pili ya Februari, na juzi tatizo limekwisha kwa kusogeza kabati. Naandika kwa urefu kwa sababu kila nilikoomba msaada ushauri ulikuwa uleule: zima ruta uwashe, badilisha nywila, panda kifurushi. Hakuna aliyenionyesha namna ya kujua tatizo limekaa wapi, nami nimetumia hela nyingi kabla ya kulijua.

Kazi yangu ni kuhariri video. Wageni wanaopanda Mlima wakishashuka na kurudi kwao, hunitumia picha zao kupitia hifadhi za mtandaoni ambazo kompyuta zake ziko Ulaya. Kazi moja huwa na GB 10 au zaidi. Nina faiba ya Mbps 20, na kwa kifurushi hicho GB 10 inatakiwa kushuka kwa saa moja na dakika chache. Ghafla ikaanza kuchukua saa saba. Naweka faili lishuke usiku, naamka alfajiri nakuta limekwama asilimia 80.

Mwanzo niliilaumu Desemba. Mnaoishi huku mnajua, ikifika tarehe 20 mji umejaa, watu wamerudi nyumbani kutoka Dar, Arusha na Nairobi, na kila nyumba ina simu nyingi kuliko viti. Kwangu peke yangu tulilala watu kumi na mmoja. Nikasema acha wageni waondoke, mambo yatakaa sawa. Januari wageni wameondoka, mabasi yamerudi nusu matupu, shule zimefunguliwa, na faili bado linashuka kwa 400 KB kwa sekunde.

Nikapanda kifurushi hadi Mbps 40. Hakuna kilichobadilika. Nikanunua ruta mpya yenye antena nne, pia hakuna kilichobadilika. Kilichonichanganya kuliko vyote ni kwamba kipima spidi kilikuwa kinatoa namba nzuri kabisa: kwenye kifurushi cha 20 kinasoma 19, kwenye cha 40 kinasoma 38. Nikiwapigia kampuni wanasema, "Pima spidi mzee, sisi huku tunaona iko sawa." Napima, iko sawa. Narudi kwenye faili, 400 KB.

Kabla sijaendelea, tuelewane kwenye vipimo. Kampuni huuza kwa megabiti, kompyuta huonyesha upakuaji kwa megabaiti. Biti 8 ndizo baiti 1, kwa hiyo gawa namba ya kifurushi kwa 8. Mbps 20 ni kama MB 2.5 kwa sekunde, na ukitoa mizigo midogo ya njiani unapata 2.2 hadi 2.4. Ukiona 2.3 kwenye kifurushi cha 20 huna tatizo lolote. Mimi nilikuwa napata 0.4.

Jumamosi moja nikaamua kuacha kubahatisha. Njia ya faili nikaikata vipande: kutoka kompyuta hadi ruta, kutoka ruta hadi kwa kampuni, na kutoka kwa kampuni hadi huko duniani. Kila kipande nikakipima peke yake.

Kwa kipande cha kwanza nilizima waifai ya kompyuta na kuchomeka waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, ile ruta mpya nikaiweka pembeni. Ukibaki kwenye waifai hujui unapima intaneti au unapima ukuta wako. Kisha nikafungua dirisha la amri la Windows, lile unaloandika cmd, nikaweka:

ping -n 1000 192.168.1.1

Hiyo ni anwani ya kisanduku chenyewe. Kwako inaweza kuwa nyingine, angalia karatasi iliyobandikwa chini yake. Kompyuta inatuma pakiti moja (kipande kidogo cha data) kila sekunde na kungoja jibu, kwa hiyo 1000 ni kama dakika 17. Ping nne zile za kawaida hazikuambii kitu. Matokeo: zimetumwa 1000, zimerudi 1000. Ndani ya nyumba pako salama.

Kwa kipande cha pili nikaandika tracert 8.8.8.8 (hiyo ni anwani ya kompyuta ya Google, iko nje ya kampuni), amri ambayo inakuonyesha vituo vyote ambavyo pakiti inapita. Mstari wa kwanza ni kisanduku chako, wa pili mara nyingi ndio mlango wa kampuni. Nikachukua anwani ya mstari wa pili nikaipiga ping 2000. Zaidi ya nusu saa. Zimepotea 5. Nikaipiga 8.8.8.8 nayo 2000, zimepotea 6. (Ni muhimu kupima na cha mbele, kwa sababu vituo vingine vya njiani hupuuza ping kwa makusudi. Kama upotevu uko kwenye kituo kimoja tu na mbele yake hakuna, huo si ugonjwa.)

Pakiti 5 kwenye 2000. Kwa macho unasema hiyo si kitu, ni robo ya asilimia tu. Mimi mwenyewe niliifuta ile namba kwenye karatasi yangu, nikaja kuiandika tena jioni baada ya kusoma zaidi. Sababu ni hii.

Kompyuta inayokutumia faili haimwagi data zote kwa mkupuo. Inatuma kiasi, inangoja uithibitishie kwamba umepokea, inaongeza kidogo, inangoja tena. Pakiti moja ikipotea, inachukulia kwamba njia imejaa, inapunguza kasi kwa kiasi kikubwa, kisha inaanza kupanda taratibu. Mfikirie kibarua anayemrushia fundi matofali juu ya jukwaa. Tofali moja likidondoka anapunguza mwendo kwanza, anarudisha kasi kidogo kidogo kila akiona fundi amedaka. Sasa urefu wa njia ndio unaoamua itamchukua muda gani kurudi kwenye kasi yake. Pakiti kutoka hapa Moshi kwenda Dar na kurudi kwangu huchukua kama milisekunde 15. Kwenda Ulaya na kurudi ni 150 au zaidi. Kwa hiyo baada ya kila tofali linalodondoka, wa Dar anasimama upya mara kumi haraka kuliko wa Ulaya. Kabla wa Ulaya hajapanda, lingine limeshadondoka.

Ndiyo maana kipima spidi kilikuwa kinanipa jibu zuri. Chenyewe huchagua kompyuta iliyo karibu, kwangu ilikuwa Dar, halafu hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo mmoja ukijikwaa mingine inabeba. Faili langu lilikuwa linatoka mbali kwa muunganisho mmoja. Nikajaribu programu ya kupakua inayogawa faili vipande 8 vikishuka pamoja: lilelile faili, saa ileile, likapanda karibu MB 2. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kifurushi changu kipo kamili na kuna mahali pakiti zinadondoka.

Nikaingia kwenye kurasa za kisanduku cha faiba, kwenye sehemu ya Optical, nikakuta mstari ulioandikwa RX Power. Hiyo ni nguvu ya mwanga unaofika nyumbani kwako, inaandikwa kwa dBm na huwa na alama ya kutoa. Visanduku vingi vya faiba za majumbani vinahitaji isishuke chini ya −27. Ukiwa kati ya −15 na −25 uko vizuri. Mimi nilikuwa −28.1. Ile taa nyekundu ya LOS, inayowaka mwanga ukikatika, haikuwaka, maana mwanga ulikuwa unafika. Ulikuwa unafika hafifu, kwenye ukingo, na kisanduku kinakosea kusoma mara mojamoja.

Basi nikaufuata waya. Unaingia kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ni mweupe, mwembamba kuliko waya wa chaja, unashuka ukutani na kupotea nyuma ya kabati la vyombo. Nikamulika na tochi ya simu. Desemba tulilisukuma lile kabati hadi ukutani ili magodoro ya wageni yaenee, na pembe yake ya chini ya nyuma ilikuwa imeubana waya kwenye ukuta, umekunjika kama kiwiko. Rangi ya ganda imebadilika pale kwenye kunjo, kama plastiki inavyokuwa nyeupe ukiikunja sana. Nikaliinua kabati na mwanangu kwa sentimita chache, nikauvuta waya kwa vidole polepole ukalegea, nikaenda kwenye kompyuta kufungua upya ule ukurasa. −20.7.

Ping 2000 usiku ule: zimepotea 0. GB 10 ikashuka kwa saa moja na dakika 13, kwenye kifurushi cha Mbps 20, nilichokuwa nimekwisha kurudi kwacho.

Mwanga ndani ya faiba unasafiri kwenye uzi wa kioo, na kioo kikikunjwa kona kali mwanga unavuja nje. Usiache mkunjo mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usipige msumari juu yake, usiufunge kwa waya wa chuma, usiupitishe kwenye bawaba ya dirisha. Na tafadhali, kile kichwa cha kijani msikichomoe kukipangusa kwa shati. Uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kila kitu, na usichungulie ndani yake, kuna mwanga wa leza usioonekana. Hiyo kazi ni ya fundi mwenye vifaa.

Kama una hali yako, weka namba zako hapa, tutazisoma pamoja.

#2

Mkuu umeandika vizuri, ila mngejaribu kwanza kubadilisha DNS. Weka 1.1.1.1, mimi ilinisaidia sana.

#3, mwenye uzi

Ndugu yangu, DNS ni kama daftari la namba za simu. Inakutafutia anwani ya tovuti, ikishaipata haihusiki tena na faili. Daftari la haraka linafanya kurasa zianze kufunguka mapema, na wakati mwingine linakuelekeza kwenye kompyuta iliyo karibu zaidi, kwa hiyo siwezi kusema hukuona nafuu. Ila ikiwa ukurasa unafunguka upesi na faili linashuka kwa kujikokota, kama kwangu, DNS haitalisukuma.

#5, mdau wa Sakina, Arusha

Kaka shukrani. Mimi sina faiba, natumia ruta ya laini ya 4G. Asubuhi nzuri, ikifika saa 2 usiku hata video haifunguki. Nimebadilisha mtandao mara mbili. Hiyo nayo ni pakiti?

#6, mwenye uzi

Dada, yako ni tofauti, na wako wengi kama wewe. Mnara mmoja unahudumia mtaa mzima na uwezo wake mnagawana. Saa 2 usiku kila mtu yuko nyumbani, na Sakina pamejengwa sana. Fanya hivi kwanza: amka siku moja saa 11 alfajiri, pakua faili fulani, andika spidi. Rudia faili hilohilo saa 3 usiku, ruta ikiwa palepale bila kuguswa. Kama alfajiri ni mara nne au tano ya usiku, mnara umejaa, na hakuna ruta utakayonunua ikauondolea mnara watu.

Kama alfajiri napo ni mbovu, shida ni mawimbi yanayokufikia. Fungua kurasa za ruta utafute RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi: ya −80 ni nzuri, ikifika −110 unashikilia kwa kucha. SINR ndiyo watu wengi hawaiangalii, nayo ndiyo inayosema mawimbi yako yamechafuliwa na minara mingine kiasi gani: juu ya 20 ni safi, chini ya 0 ni kelele tupu. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha, kila mahali subiri dakika mbili, andika zote mbili. Usiiweke darini chini ya bati, bati linarudisha mawimbi. Nimemsaidia jamaa wa Ngarenaro, ruta yake ilikuwa juu ya kabati katikati ya nyumba. Tuliipeleka dirisha la jikoni, SINR ikatoka 3 ikafika 14. Dirisha la sebuleni, ambalo ndilo kubwa na ndilo linaloonekana karibu na mnara, lilitupa 6 tu. Kwa hiyo usiamini macho, pima.

#8, mdau wa Kiboriloni

Mimi nalipia 10 napata 1.2. Naibiwa?

#9, mwenye uzi

Hapana mkuu. 10 gawa kwa 8 ni 1.25. Unapata chako chote.

#11, mdau wa Majengo

Kwangu ni jioni tu watoto wakirudi shule na mama yao kazini. Lakini nikiwauliza hakuna anayepakua chochote, kila mtu yuko kwenye ujumbe tu. Nawaamini, simu zao nimeziona.

#12, mwenye uzi

Na wanasema kweli. Angalia upande wa kupandisha, wengi tunausahau. Simu zikishika waifai ya nyumbani zinaanza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya. Vifurushi vingi vina njia ndogo ya kupandisha kuliko ya kushusha. Ile njia ikijaa, hata kushusha kunakufa, kwa sababu zile taarifa za "nimepokea" ambazo kompyuta yako inazirudisha zinapita humohumo na zinakaa kwenye foleni. Kamera za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni hufanya vivyo hivyo mchana na usiku.

Jaribu leo saa moja jioni: piga ping 8.8.8.8 bila kukoma, halafu zima waifai kwenye simu moja baada ya nyingine. Kama majibu yalikuwa milisekunde 400 na yakaanguka hadi 20 baada ya simu fulani, umeipata. Usiwanyime watoto, weka tu nakala za picha zifanyike usiku wa manane. Na kama ruta yako ina sehemu ya QoS au SQM (mipangilio ya kupanga foleni ya data), weka kikomo cha kupandisha kiwe kidogo kuliko kifurushi chako, kama asilimia 90. Foleni inabaki kwenye ruta yako, ambako unaweza kuipanga.

Kompyuta za Windows 10 na 11 nazo, kwenye mipangilio ya masasisho, kuna kipengele cha Delivery Optimization kinachoruhusu mashine yako kugawa masasisho kwa kompyuta nyingine. Angalia kisiwe kimeruhusiwa kugawa nje ya nyumba.

#14

Haya yote sawa, lakini kampuni wenyewe hawajali. Nimepiga simu mara sita, kila mara "tunalifanyia kazi".

#15, mwenye uzi

Nakuelewa, na mimi nilikuwa hapo. Kilichobadilisha mazungumzo kwangu ni namna ya kulalamika. Ukisema "intaneti iko slow" anayepokea simu hana cha kuandika. Ukisema "kwa waya, ping 2000 kwenda kwenye lango lenu zimepotea 40, tarehe fulani saa fulani, na mwanga ni −29", amepata kitu cha kumkabidhi fundi. Omba namba ya lalamiko, iandike. Wakikaa nalo bila majibu, peleka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ukiwa na hiyo namba na vipimo vyako, maana TCRA watakuuliza kama ulianza kwa kampuni. Kanda ya Kaskazini ofisi yao iko Arusha.

Ila kuna siku kampuni yako haina kosa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na nchi kadhaa za ukanda huu zikayumba, Tanzania ikiwemo. Siku kama ile, kabla hujagusa kabati, muulize mtu wa mtandao mwingine na wa mkoa mwingine. Kama wote mnalia, subiri.

#17, mdau wa Rau

Mkuu nimefanya ulivyosema. Mwanga −19.8. Kwa waya ping 1000 kwenda kwenye kisanduku zimepotea 0, kwenda 8.8.8.8 zimepotea 0. Kwa waifai kwenye kisanduku chenyewe zimepotea 31. Ruta ilikuwa juu ya friji, nyuma ya ukuta wa tofali za bloku. Nimeihamishia koridoni, sasa zinapotea 4.

#18, mwenye uzi

Safi sana. Friji ni chuma tupu, na bloku zinameza hasa mawimbi ya GHz 5. Faiba yako nzima haina kosa, usimpigie mtu yeyote simu. Hizo 4 zilizobaki nadhani ni majirani: kwenye GHz 2.4 mikondo (channel za waifai) isiyoingiliana ni mitatu tu, 1, 6 na 11, na ruta nyingi zikiachwa zijichagulie hurundikana pamoja. Pakua programu ya kuchambua waifai kwenye simu, simama hapo koridoni, uniambie kila mkondo una majina mangapi na lako liko wapi. Kompyuta ya kazi kama haihami, ivutie waya kabisa. Ukinunua, chukua Cat5e ya shaba, na fundi akiufunga hakikisha nyaya zote 8 zimeingia. Akifunga 4 tu utaishia Mbps 100, leo hutaiona tofauti, siku ukipanda kifurushi utaanza kutafuta mchawi.